Swali Lililoandikwa Lina Tarehe

[Muziki wa kufungua, sekunde 15. Unashuka polepole.]

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, vijana mlioko kwenye foleni ya maji saa hii, karibuni tena katika kipindi. Na wewe unayesoma karatasi hii ubaoni kwa sababu mawe ya redio yako yamekwisha, wewe pia karibu. Maneno ni yale yale.

Kuna swali linalorudi kila tunapopita katika kartiye na kinasa sauti. Watu wanatuambia: sisi hapa hatupigi kura, sasa wabunge wanatuhusu nini? Leo tunajaribu kulijibu.

Tutaeleza kifaa kimoja kidogo ambacho mbunge anacho. Kiko hapa Burundi, kiko kwetu Kongo, kiko Tanzania, na kiko mbali zaidi. Kifaa hicho ni swali la maandishi. Hakina kelele, na hakimwangushi waziri siku hiyo hiyo. Lakini kinazaa kitu ambacho kelele haizai: jibu lenye tarehe na sahihi. Waziri anaweza kuhama ofisi kesho, jibu lake litabaki.

Tuseme mapema: kipindi hiki hakina chama. Hatukuja kumsifu mtu wala kumsema mtu. Tumekuja kueleza kazi inavyofanyika, ili ukiona mlango uujue kuwa ni mlango.

[Muziki mfupi.]

Kwanza tujue bunge liko wapi. Burundi ina mabaraza mawili. Bunge la Taifa linakaa Kigobe, mjini Bujumbura. Seneti inakaa Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa nchi. Kila mkoa unatoa maseneta wawili.

Sasa sikiliza vizuri hapo. Baada ya mageuzi ya mwaka 2025, Burundi ina mikoa mitano badala ya kumi na minane. Muyinga yetu imeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi, na mkoa huo mpya unaitwa Buhumuza. Hesabu kambi na mimi: Kinama iko upande wa Muyinga, Kavumu iko Cankuzo, Bwagiriza na Nyankanda ziko Ruyigi. Zote nne zimeingia katika mkoa mmoja. Maana yake, seneta wa Buhumuza akiambiwa aeleze hali ya mkoa wake, hawezi kuieleza yote bila kutaja wakimbizi. Hatukumchagua, lakini tunakaa katika eneo lake, tunanunua katika soko lake, watoto wetu na watoto wa wenyeji wanaugua malaria ile ile.

Tena bunge limeshagusa maisha yetu kabla hatujalijua. Sheria ya hifadhi na ulinzi wa wakimbizi hapa Burundi ni ya tarehe 13 Novemba 2008. Ilipita bungeni kama sheria nyingine zote. ONPRA, ofisi ya serikali ambayo unaijua kwa ajili ya vitambulisho na karatasi zako, iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Na waziri anayeiongoza wizara hiyo anaweza kuulizwa na wabunge.

Haki hiyo iko katika Katiba. Katiba ya Burundi ya 2005 iliwapa wabunge na maseneta haki ya kujua serikali inafanya nini kwa kuuliza maswali ya mdomo au ya maandishi, na Katiba ya 2018 imeihifadhi haki hiyo.

[Muziki mfupi.]

Mdomo au maandishi. Tofauti ni nini?

Swali la mdomo umelisikia mara nyingi katika habari. Waziri anaitwa Kigobe, anasimama mbele ya wabunge, anaulizwa juu ya mafuta ya gari, mbolea au bei ya sukari. Kamera zipo. Watu wanafuatilia. Ni jambo zuri, kwa sababu nchi nzima inasikia. Lakini lina udhaifu wake. Waziri anaweza kusema, "Tunalishughulikia." Anaweza kutoa takwimu kumi kwa haraka, na hakuna anayeweza kuzipima pale pale. Muda unakwisha, kikao kinafungwa, watu wanarudi nyumbani.

Swali la maandishi linatembea polepole. Mbunge analiandika na kulipeleka kwa uongozi wa bunge. Uongozi unalipeleka kwa waziri. Waziri anawaita watumishi wake, wanafungua mafaili, wanahesabu, kisha anajibu kwa maandishi. Katika nchi nyingine kuna muda uliowekwa. Ufaransa, kwa mfano, waziri anapewa miezi miwili, na swali pamoja na jibu vinachapishwa katika gazeti rasmi la serikali ili kila mtu asome.

Angalia faida ya mwendo huo. Mara nyingine waziri mwenyewe hajui yanayotokea huku chini. Swali likifika, inabidi mtu katika wizara aulize mkoa, mkoa uulize komini, na komini itume mtu aende kuangalia. Kabla hata jibu halijaandikwa, swali limeshamfanya mtu atembee mpaka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefika.

Wazee wanasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ahadi nayo ni hivyo hivyo. Waziri akiahidi kwa mdomo, mwaka ujao mtabishana alisema nini. Akiandika, mbunge anafungua faili na kusema: Mheshimiwa, barua yako ya tarehe fulani ilisema kazi itakwisha mwezi wa sita. Sasa ni mwezi wa kumi. Imefikia wapi? Swali la pili linaanzia pale jibu la kwanza lilipoishia.

Majirani zetu wa Tanzania wanachanganya njia hizo mbili. Ukikamata redio ya upande wa Ngara wakati wa vikao vya Dodoma, utawasikia. Asubuhi Bunge linaanza na maswali. Swali la msingi limeshapelekwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo waziri anakuja na jibu lililoandaliwa. Likishasomwa, mbunge aliyeuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu jibu likiwa na shimo, swali la nyongeza linaingia katika shimo hilo. Na yote yanaandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, neno kwa neno.

Na kwetu Kongo? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 138, inataja swali la mdomo au la maandishi kuwa kifaa cha kwanza cha kuichunguza serikali. Baada yake kuna kumwita waziri ajieleze na kuunda tume ya uchunguzi. Kifungu hicho hicho kinasema vifaa hivyo vinaweza kufikisha waziri au serikali nzima kwenye kura ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo karatasi ndogo ni ngazi ya kwanza, na ngazi nyingine ziko juu yake.

[Muziki mfupi.]

Sasa tutoke hapa twende Kenya, miaka zaidi ya sitini nyuma. Nimechagua kisa hiki kwa sababu kinahusu watu waliokuwa kambini, watu ambao hawakuwa na kura hata moja katika bunge lililouliza juu yao.

Wakati ule Kenya ilitawaliwa na Waingereza. Maelfu ya watu walikuwa wamefungwa katika kambi wakishukiwa kuwa Mau Mau. Kambi moja ilikuwa Hola, karibu na Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 85 walipelekwa kwa nguvu kufanya kazi ya kuchimba. Walipigwa virungu. Watu 11 walikufa.

Taarifa ya kwanza ya serikali ya Kenya ilisema nini? Ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji.

Msikilizaji, fikiri. Kama ingekuwa maneno ya mdomo tu, pengine wangeyabadilisha taratibu na watu wangesahau. Lakini taarifa ilikuwa imeandikwa, ikiwa na tarehe. Madaktari walipoichunguza miili, walikuta majeraha ya kipigo. Mjini London, wabunge wa upinzani, miongoni mwao Barbara Castle, waliendelea kumwuliza waziri wa makoloni, Alan Lennox-Boyd. Kila jibu lilizaa swali jingine. Nani alitunga mpango wa kuwalazimisha watu wale kazi? Nani aliukubali? Maneno ya gari la maji yalitoka kwa nani? Mambo hayo yalifikishwa katika mjadala wa Bunge mwezi Juni 1959, na tena usiku wa tarehe 27 Julai.

Usiku huo mmoja wa waliosema kwa ukali zaidi alikuwa Enoch Powell, ambaye alikuwa mbunge wa chama kilichokuwa kinatawala. Aliwaambia wenzake wa chama chake kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kipimo kingine kwa Waafrika.

Je, maswali yaliwafufua wale 11? Hapana. Hakuna aliyefungwa jela kwa vifo vile. Waziri hakufukuzwa. Tusidanganyane. Lakini uongo wa gari la maji ulikufa, na serikali haikuweza tena kuziendesha kambi zile kama zamani. Hali ya hatari nchini Kenya ilimalizika Januari 1960. Na mwezi Juni 2013, serikali ya Uingereza ilisimama katika bunge lile lile, ikasema inasikitika kwa mateso ya wakati ule, na ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 waliodai haki yao. Fedha zote pamoja na gharama zilikuwa paundi milioni 19.9. Ilipita miaka zaidi ya hamsini. Waliofika siku hiyo walikuwa wazee. Lakini waliikuta historia imeandikwa.

Kuna funzo jingine kutoka kipindi kile. Miaka mitatu kabla ya Hola, mwaka 1956, mwanamke Mwingereza aitwaye Eileen Fletcher, ambaye alikuwa amefanya kazi katika magereza na kambi za Kenya, alirudi kwao akaandika aliyoyaona, pamoja na wasichana wadogo waliofungwa. Wabunge wakayachukua maneno yake wakauliza. Ubishi mkubwa ukawa juu ya umri wa wasichana wale. Umeona? Ukileta habari, mahali watakapokushambulia ni kwenye undani: umri, idadi, siku. Kwa hiyo undani ndio inabidi uwe mgumu kama jiwe.

[Muziki mfupi.]

Hapa najua kuna mzee ameketi chini ya mwembe anatikisa kichwa. Anasema: kijana, hayo ni ya London, kulikuwa na upinzani. Hapa Burundi, katika uchaguzi wa Juni 2025, chama cha CNDD-FDD kilipata viti vyote 100 vilivyopigiwa kura katika Bunge la Taifa. Nani atamwuliza nani?

Mzee wangu, swali lako ni la haki, na silipiti juu. Bunge lenye chama kimoja ni vigumu kumbana waziri kwa ukali. Lakini angalia Tanzania. Tangu uchaguzi wa 2020 karibu wabunge wote ni wa CCM, na bado maswali yanaulizwa kila kikao: daraja limevunjika, zahanati haina dawa, wananchi hawajalipwa fidia. Mbunge wa chama tawala ana watu wanaomsubiri nyumbani. Hataki kugombana na waziri wa chama chake, lakini anataka kisima kichimbwe. Swali la maandishi linamfaa mtu huyo kuliko yeyote. Halimwaibishi mkubwa mbele ya kamera. Linasema tu: Mheshimiwa, naomba kujua. Na kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo tunachohitaji kwa mbunge au seneta si ugomvi. Tunahitaji aandike. Na ili aandike vizuri, anahitaji habari nzuri kutoka huku chini. Hiyo ndiyo sehemu yetu.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Tuseme kuna watoto waliozaliwa kambini na hawana cheti cha kuzaliwa. Swali baya linasema hivi: "Kwa nini serikali haiwajali watoto wa wakimbizi?" Waziri atajibu kwa mstari mmoja: serikali inawajali watoto wote. Faili limefungwa. Umepata nini? Hakuna.

Swali zuri linasema hivi: "Kuanzia Januari hadi Juni mwaka huu, ni watoto wangapi waliozaliwa katika kambi za Buhumuza? Wangapi wameandikishwa katika komini? Ambao hawajaandikishwa ni wangapi, na sababu ni nini? Kazi hiyo itamalizika lini, na ofisi gani inahusika?"

Sikia tofauti. Hakuna tusi hata moja. Lakini kila sehemu inadai kitu: idadi, sababu, tarehe, ofisi. Waziri akiruka sehemu moja, mbunge anaona mara moja ni ipi iliyorukwa. Na mahali waziri alipokaa kimya, hapo ndipo pa kuuliza tena.

Na swali lipelekwe kwa mwenye mzigo. Waziri wa Burundi hawezi kujibia mgao wa chakula wa PAM kana kwamba ghala ni lake. Chakula kile kinatoka kwa nchi wafadhili. Nchi hizo nazo zina mabunge, na wabunge wao wana haki ya kuuliza serikali zao kwa nini msaada umepungua. Mambo ya vitambulisho, ruhusa za kutoka kambini, kuandikisha watoto, usalama, hayo yanaihusu serikali ya hapa. Ukimpelekea mtu swali lisilo lake, umempa sababu ya kutojibu.

[Muziki mfupi.]

Sasa tuje kwenye mambo unayoweza kufanya wewe, wiki hii, hapa ulipo.

La kwanza, nunua daftari. Kama hela ya daftari hakuna, tumia karatasi za nyuma za daftari la mtoto. Jambo likitokea katika kartiye yako, andika siku, saa, mahali, na watu wangapi limewagusa. Bomba limekauka Jumatatu, limerudi Alhamisi, familia kadhaa zimekwenda mtoni. Usiandike "kila siku" kama ni siku tatu. Usiandike "wote" kama ni arobaini. Ukizidisha kidogo, watakamata kile kidogo na kukitupa chote.

La pili, pita kwenye njia iliyopo. Anza na kiongozi wa kartiye na kamati ya wakimbizi. Wao wanakaa na ONPRA na HCR katika mikutano. Omba jambo lako liandikwe katika ripoti ya mkutano, na uulize ripoti hiyo imewekwa wapi. Mara nyingi tatizo linaisha hapo hapo, bila kufika Gitega.

La tatu, wabunge na maseneta wanaposhuka mikoani, wanauliza watu maswali. Siku hiyo msiende mia moja mkisema kila mmoja lake. Chagueni watu wawili au watatu, mmoja wao awe mama na mmoja awe kijana. Wawe na karatasi moja ya jambo moja. Mgeni anaweza kusahau hotuba, lakini karatasi anaweza kurudi nayo.

La nne, na hili nalisema taratibu ili usikike kila neno. Usiandike jina la mtu bila ruhusa yake. Hasa mama au msichana aliyetendewa ubaya, mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta, au mtoto. Swali la maandishi likishatoka linaweza kuchapishwa na kusomwa na yeyote. Idadi na tarehe zinatosha kumfanya waziri ajibu. Kesi ya mtu mmoja mwenye hatari ina mlango wake: wahudumu wa ulinzi, ana kwa ana, si kwenye karatasi inayozunguka.

La tano ni subira yenye kumbukumbu. Jibu likichelewa, usirudi kuanza upya kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Rudi na nakala ya swali la kwanza mkononi na useme: tuliuliza tarehe hii, tunaomba kujua limefika wapi. Hata kimya, ukikiandikia tarehe, kinakuwa habari.

Tunarudi kwa wale waliotuuliza katika kartiye: wabunge wanatuhusu nini ikiwa hatupigi kura? Wale wafungwa wa Hola hawakuwa na kura London. Kilichowafikisha huko ni watu waliojua idadi yao, siku waliyokufa, na taarifa gani ilitolewa kesho yake, kisha wakakataa kuacha kuuliza. Sisi hapa Muyinga tuna mambo madogo kuliko hayo, Mungu ashukuriwe. Cheti cha mtoto. Maji. Karatasi ya kutoka. Lakini cheti kinachokosekana leo, mtoto huyo atakidaiwa siku ya mtihani wa taifa, na siku ya kurudi Kongo, na siku ya kuthibitisha kuwa yeye ni nani.

Basi, kwa leo tunaishia hapo. Wiki ijayo mahali hapa tutazungumza na kamati ya wakimbizi juu ya namna ripoti ya mkutano inavyoandikwa na mahali inapokwenda. Kama una swali, liandike, weka tarehe juu, litumbukize katika sanduku la kipindi karibu na ubao wa matangazo. Tutalisoma hewani bila jina lako, isipokuwa wewe mwenyewe umetuambia tulitaje.

Mbaki na amani.

[Muziki wa kufunga, sekunde 20. Mwisho.]